Kati ya picha ya sita na ya saba

Wenzangu balisansie, bwate ya picha mnaijua. Hata kama hujawahi kuibeba wewe mwenyewe, umeshaiona: karatasi kubwa ngumu, zimefungwa juu kwa waya, picha inawatazama watoto, maneno yako nyuma yanakutazama wewe unayefundisha ili usipotee. Kila shirika linalokuja Uvira kufanya sansibilizasyo ya maji na mazingira lina ya kwake. Ile niliyobeba mimi ilikuwa na picha kumi na mbili. Niliibeba miezi miwili hapa Rugenge na kartye za jirani, asubuhi kwenye masomo, siku ya posho kwa wazazi, nimevaa tisheti yenye tone la bluu kifuani. Shirika sitalitaja. Walinilipa vizuri, na bwate nyingine nilizoziona tangu hapo ni ndugu wa tumbo moja na ile.

Nataka kuisoma hapa kama tulivyosomewa memwari zetu siku ya kujitetea: ukurasa kwa ukurasa, bila chuki, na bila kuhurumia mtu. Vitabu havifiki kwenye madarasa yetu. Mtoto wa darasa la tano wa Rugenge anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika kitabu kimoja cha sayansi, lakini bwate ya picha ataiona mara mbili au tatu. Kwa hiyo hicho ndicho kitabu chake cha maji. Tukikiacha bila kukisoma kwa jicho kali, nani atakisoma?

Picha ya kwanza. Mtoto yuko ndani ya bafu nyeupe, anapiga mswaki, robine iko wazi, maji yanamwagika. Chini imeandikwa: Funga robine, okoa maji. Siku ya kwanza niliifungua mbele ya darasa la watoto karibu sitini, wakacheka. Nilidhani wamefurahi. Kisha mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, hii nyumba iko wapi?" Darasa lote likalipuka.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwao robine iko kwenye parseli ya jirani, inalipiwa kwa bidoni, na mtu anaamka saa kumi usiku kushika nafasi. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 kichwani mwa msichana wa miaka kumi na moja. Mtoto huyo hana somo la kupokea kutoka kwangu juu ya kuhesabu maji. Anajua nusu bidoni inapikia nini, inafulia nini, na ile ya kuoshea vyombo inamalizikia wapi. Yeye ndiye angenifundisha.

Na kuna jambo zito kuliko kicheko. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Uvira, ukilinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikosekana na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu, tangu 2009 hadi 2014. Matokeo: baada ya siku moja bila maji ya robine, katika siku 12 zilizofuata, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ukilinganisha na siku ambazo mtambo ulitoa maji sawasawa. Karibu robo ya wote walioingia kituoni iliweza kuhusishwa na upungufu huo wa maji. Mji huu una ugonjwa wake kwa sababu maji safi ni kidogo. Halafu sisi tunaingia darasani na somo la kwanza ni: tumieni kidogo. Hiyo picha ilichorwa kwa ajili ya mtoto mwingine, wa mji mwingine, na ikasafiri hadi kwetu bila mtu kuiuliza pasipoti.

Picha ya pili na ya tatu ni mikono, sabuni, choo, inzi juu ya chakula. Ziko sawa. Watoto wanazijua kwa moyo, wana na wimbo wake. Tupite.

Ya nne ni usiku, mvua, maji ya kahawia yanaingia kwenye nyumba, mama anainua mtoto juu ya meza. Mchoraji huyo namuheshimu. Nilipoifungua, hakuna aliyecheka. Sikuwa nimesema neno.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mwezi wa nne, 2020. Masomo na vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya Korona, ndiyo maana mimi nilikuwa nyumbani. Mulongwe ilishuka na mawe. Kelele yake haikuwa ya maji, ilikuwa kama kamyo zinamwaga mawe bila kumaliza. Zaidi ya watu 40 walikufa, nyumba maelfu zilianguka, na asubuhi kulikuwa na mawe katikati ya barabara ambayo vijana kumi hawakuweza kuyasogeza. Mitambo ya maji ya mji nayo iliharibika, watu wakarudi kuchota ziwani na kwenye mito ile ile iliyotoka kuua. Watoto ninaowafundisha walikuwa wadogo sana mwaka huo, lakini walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza: kuku, godoro, bibi. Ningeweza kukaa kwenye picha hiyo saa nzima. Maelekezo ya nyuma yalisema dakika tano.

Hapo ndipo bwate inaanza kuharibika, kwa sababu ya tano inatoa maelezo ya ya nne, na maelezo yenyewe ni nusu. Inaonyesha kisiki cha mti upande wa kushoto, ziwa limefunika nyumba upande wa kulia, na mshale kati yao. Maneno: Tumekata miti, ndiyo maana ziwa limepanda.

Bandugu, sisi tumesoma. Mafuriko ya mto na kupanda kwa ziwa ni vitu viwili. Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba karibu 32,900, na kwa sehemu kubwa linapanda na kushuka kwa mvua inayonyesha juu yake na juu ya bonde lake lote katika nchi kadhaa, kwa jua linalorudisha maji hewani, na kwa mlango wake mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Katikati ya karne ya 19 Lukuga ilikuwa imezibwa na tope na majani, ziwa likapanda, hadi miaka ya 1870 mwishoni kizuizi kilipovunjika na ziwa likashuka mita nyingi. Wakati huo milima yetu ilikuwa bado na miti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya mvua kubwa ya Afrika Mashariki, lilipanda tena. Na haya ya juzi, ambayo mwaka 2024 yalifukuza watu kwenye nyumba zao za kando ya ziwa, huku kwetu na kule Bujumbura, yalikuja baada ya miaka mfululizo ya mvua nyingi.

Mtu atasema: wewe unatafuta makosa madogo, kwa watoto inatosha kusema miti. Hapana. Mtoto anayeambiwa kwamba ziwa limepanda kwa sababu jirani yake anachoma makala atakua, atasoma, atagundua si kweli, na siku hiyo atatupa hata ile sehemu iliyokuwa kweli. Na sehemu ya kweli ipo, inaonekana kwa macho: mlima ukiwa uchi, mvua inapiga udongo, udongo unashuka, mto unajaa mchanga, kitanda chake kinapanda, na mvua ya kawaida ambayo zamani ingepita chini ya daraja inapita juu. Tope hilo likifika ziwani linafunika mawe ya kando ambako samaki wengi wanazalia. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha katika jarida la Conservation Biology kazi yao iliyolinganisha sehemu za ziwa letu zilizo chini ya milima iliyovuliwa miti na sehemu ambazo milima yake bado imevaa: penye tope, aina za viumbe ni chache zaidi. Na hapa Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, unakifika kwa miguu. Katika bwate nzima hamna neno moja lililotoka kwao.

Na kwa ukweli wote tuseme na hili: hata msitu mzima una mpaka wake. Miti inapunguza mafuriko ya kila mwaka, inashika udongo, lakini mvua kama ya ule usiku wa 2020, juu ya miteremko mikali namna hii, ingeshusha maji mengi hata kama Mulongwe ingekuwa imefunikwa na miti toka juu hadi chini. Waliokufa walikufa pia kwa sababu walikuwa wamelala ndani ya njia ya mto. Bwate haina picha ya parseli inayopimwa kwenye kitanda cha mto. Ingekuwa picha ngumu kuichora, naelewa. Lazima umchore na yule anayeuza.

Sasa kosa kubwa kwangu, ambalo nilichelewa kuliona kwa sababu ni la kitu ambacho hakipo. Kati ya picha kumi na mbili, hakuna hata moja inayoonyesha mto kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna robine. Kuna mlima. Kuna ziwa. Kila kimoja kina karatasi yake, kama vile ni nchi tatu tofauti. Siku moja, nje ya maelekezo, niliuliza darasa: "Maji ya robine ya Uvira yanatoka wapi?" Walijibu: Regideso. Ndiyo, na Regideso wanayatoa wapi? Kimya. Kisha: ziwani. Mvua. Bukavu (huyu alifanya wenzake wamcheke sana). Hakuna aliyesema Mulongwe.

Yaani mto ule ule uliowabebea godoro ndio wanaokunywa. Mtambo wa kusafisha maji ya mji unachukua maji ya Mulongwe. Mvua ikileta tope, maji mabichi yanakuwa mazito, dawa inayohitajika kuyatuliza inaongezeka, na bei ya kuyasafisha nayo. Kwa hiyo shamba lililolimwa vibaya kule juu liko ndani ya bidoni yako. Hilo ndilo linaloitwa bonde la mto: nchi yote ambayo tone likianguka juu yake litaishia Mulongwe, iwe jiwe, shamba la muhogo, paa la kanisa au choo. Nilipowachorea ubaoni, mlima juu, mtambo katikati, Rugenge na wenzake chini, ziwa mwisho, msichana mmoja alisema polepole, kama anajisemea mwenyewe: "Kumbe tunakunywaka milima." Maelekezo ya nyuma hayana nafasi ya kuandika maneno kama hayo.

Nifike kwenye ya sita na ya saba.

Ya sita: mwanaume ana shoka, amekunja uso, nyuma yake mlima mweusi, moshi wa makala, magunia mawili. Ya saba: mwanaume yule yule, shati safi, anacheka, mlima umejaa miti, ndege wawili. Nyuma ya ya saba imeandikwa: Waulize washiriki, je, bwana huyu anafurahi? Kwa nini?

Siku ya posho moja, uwanjani mwa kanisa, tulikuwa na wazazi, wengi wao ni mama. Nilifungua ya sita, nikasema nilichopaswa kusema. Nikafungua ya saba. Mama mmoja alinyoosha mkono. Namfahamu, anauza makala kwa mafungu kwenye kona, hata sisi nyumbani tunanunua kwake.

"Agronomu, samahani. Huyu papa wa foto ya sita njo yeye wa foto ya saba?"

"Ndiyo, mama. Ni yeye."

"Sawa. Pale katikati, alikulaka nini?"

Watu walicheka, na yeye hakucheka. Alikuwa anangoja jibu. Mimi nina lisansi ya agronomia. Nilisoma misitu, nilisoma udongo, nilipata distinksyo. Nilisema: "Asante mama kwa swali zuri," nikafungua picha ya nane.

Nimeliwaza jambo hilo tangu siku ile. Tuhesabu kidogo, kwa sababu mama alikuwa anahesabu. Mkaratusi uliopandwa leo unahitaji miaka mitano, sita, saba kabla ya kutoa kitu cha kuuza. Gunia la makala linatoa pesa wiki hii. Mtu wa milimani analima mara nyingi shamba la kukodi kwa msimu, na mwenye shamba hatakubali apande mti, kwa sababu huku kwetu mti ni kama karatasi ya umiliki: leo unapanda, kesho unasema pako. Kuna na vilima ambavyo kwa miaka hii ya vita mtu analima asubuhi bila kujua kama atavuna. Waliokimbia na kuanza upya bila jembe wala mbegu wanaanzia wapi? Makala haihitaji mtaji zaidi ya shoka. Na anayenunua ni nani? Ni mji. Ni mimi, ni mwalimu, ni ofisi ya shirika siku ya semina inapopika chakula cha washiriki. Ndani ya picha ya sita mnunuzi hayupo. Magunia mawili yamekaa pale kama vile yanajiendea yenyewe sokoni.

Tena somo hili lina historia ambayo wachoraji hawaijui au wameisahau. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa Kivu kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko milimani. Ufundi wenyewe haukuwa mbaya. Lakini ilikuwa ni amri, na asiyechimba aliadhibiwa. Uhuru ulipofika, watu waliiacha mifereji ile, pengine kwa furaha. Babu aliyekua na kumbukumbu hiyo, akimwona kijana wa mjini amevaa tisheti anamwonyesha picha ya mwanaume mbaya mwenye shoka, unadhani anamwona nani?

Ng'ambo ya ziwa hili hili kuna mfano wa njia nyingine, nami nashangaa hatuufundishwi. Kule Kigoma, mwaka 1994, taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE, mradi wa kurudisha miti na kufundisha katika bonde la Ziwa Tanganyika, kwenye vijiji vilivyo jirani na Gombe ambako milima ilikuwa imebaki mitupu. Shida yao ya kwanza ilikuwa sokwe na miti. Lakini watu walipoulizwa wanataka nini, miti haikuwa juu ya orodha: walitaja afya, masomo ya watoto, maji. Mradi ukafuata orodha yao. Baadaye, vijiji vilipokaa kupanga ardhi yao, walitandaza picha zilizopigwa kutoka juu, na wanakijiji wenyewe walionyesha kwa kidole kijito, makaburi, shamba, chanzo cha maji, na mahali pa kuacha msitu wa kijiji uote tena. Sitaki kuifanya Kigoma kuwa paradiso. Wana amani ambayo sisi hatuna, na wana sheria za ardhi za kijiji ambazo sisi hatuna. Lakini angalieni tofauti ya picha. Yao ilikuwa picha ya mahali pao wenyewe, na kazi ya mwanakijiji ilikuwa kuisoma. Yetu ni picha ya mtu asiyejulikana, na kazi ya mama ni kusema kama anafurahi.

Jibu la mama yule lipo, na hilo ndilo linaloniuma. Tunalijua wote tuliosoma agronomia. Kati ya ya sita na ya saba kuna mistari ya majani. Unapanda mabingobingo au tripsakumu kwa mstari unaokata mlima, si unaoshuka nao, na matuta ya muhogo nayo unayageuza yafuate mstari huo. Baada ya miezi mitatu au minne unaanza kukata majani ya mbuzi, au unayauza kwa mwenye mbuzi. Udongo unaoshuka unajikusanya nyuma ya majani, mwaka kwa mwaka, hadi ngazi inajitengeneza bila mfereji wa Mbelgiji. Na majani, tofauti na mti, hayamtishi mwenye shamba. Miti inaweza kuja nyuma, taratibu, kwa yule mwenye ardhi yake. Halitamtoa mtu kwenye makala kesho asubuhi, na mahali pa vita halitoshi kabisa. Lakini ni jibu la mtu anayejua kwamba mwenzake anakula kila siku.

Ili kuupata mstari unaokata mlima unahitaji vijiti vitatu, kamba na jiwe. Mnaikumbuka herufi A: miguu miwili sawa, kijiti cha kukatisha, kamba inaning'inia toka juu na jiwe mwishoni. Unaweka alama pale kamba inapopita vijiti vikisimama, unageuza miguu, unaweka alama ya pili, katikati yake ndiyo sawasawa. Kamba ikilala hapo, miguu yote iko kimo kimoja. Unachomeka kijiti cha alama, unazungusha, unaendelea.

Wiki ya mwisho, nilipokuwa nimeshamaliza idadi ya vichwa niliyoombwa, niliomba mwalimu mmoja saa yake ya hesabu. Tulitengeneza A nne kwa vijiti vya kuni. Uwanja wa masomo yale unaonekana kama meza, lakini watoto waligundua unainama kutoka vyoo hadi ukuta wa chini, na kwamba maji yote ya paa na ya uwanja yanatokea kwenye tundu moja la ukuta na kuingia kwa jirani. Yule jirani tulikuwa tumemsikia akigombana na masomo kila msimu wa mvua, watoto wakamwita jina la kumcheka. Siku ile wawili walichungulia kwenye tundu, wakaona mfereji mvua iliouchimba hadi mlangoni pake. Walinyamaza. Kisha wakaanza kubishana wapi majani yapandwe, na mmoja akataka kujua kama tundu lizibwe. Nikawauliza: likizibwa, maji yataenda wapi? Ugomvi ule uliendelea baada ya kengele. Hakuna picha katika bwate yangu iliyowahi kuleta ugomvi wa namna hiyo.

Ripoti ya mwisho ilikuwa na safu za wavulana, wasichana, wanaume, wanawake. Nilijaza. Swali la mama niliandika nyuma ya karatasi kwa kalamu, na sijui kama kuna mtu aliyeigeuza.

Sasa wamenipigia simu tena. Ni miezi miwili mingine, bwate ile ile, masomo mengine. Najua baadhi yenu mtasema mtu aliyeandika haya yote akatae. Wenzangu, mnajua tangu nimalize nimepata kazi ngapi. Nimekubali. Niliomba ruhusa ya kuongeza karatasi moja, wakanijibu kwa upole kwamba bwate imeshapitishwa na haiwezi kubadilishwa kabla ya mradi ujao. Nimenunua kartoni na kalamu za rangi sokoni, na mdogo wangu anayejua kuchora ameshamaliza mwanaume yule yule wa ya sita, bila shoka, ameshika A, na mbuzi watatu nyuma yake. Mbuzi mmoja anafanana na mbwa. Kartoni ni ndogo kidogo kuliko karatasi zao, lakini nimeitoboa matundu, na waya inapita.